Drive ya The Cars: wimbo wa mapenzi usiosema nakupenda

Sikiliza Drive ya The Cars kuanzia mwanzo hadi mwisho, haifiki hata dakika 4, halafu niambie ni wapi huyo jamaa anasema anampenda huyo dada. Hakuna. Hamsifii macho, hamuahidi chochote, haapi kwamba atakufa akiachwa, hata jina lake halitaji. Anachofanya ni kuuliza maswali tu, moja baada ya jingine, nani atakwambia kwamba umeshachelewa, nani atakuinua ukianguka, nani atakuja siku ukivunjika, na lile kubwa ambalo kila beti inaishia hapo, nani atakurudisha nyumbani leo usiku. Wimbo ulitoka 1984, leo ni zaidi ya miaka 40, na bado ukipigwa redioni usiku wa manane watu wazima wanaacha wanachofanya. Mi naamini kabisa umedumu kwa sababu hiyohiyo, kwamba unauliza na haujibu, na aliyeutunga alikuwa na ujasiri wa kuliacha swali wazi bila kujitia kimbelembele kusema "ni mimi".

Tuanze na bendi maana hapo ndo mshangao ulipo. The Cars walikuwa watu wa Boston, bendi ilianza 1976, ila mzizi wake ni urafiki wa jamaa wawili waliofahamiana zamani kule Ohio. Mmoja ni Ric Ocasek, mrefu, mwembamba kama mlingoti, miwani nyeusi muda wote, mtunzi wa karibu kila kitu walichoimba. Wa pili ni Benjamin Orr, mpiga besi, sura nzuri na sauti nzuri zaidi. Walishajaribu mambo mengi pamoja kabla ya hapo, hata muziki wa folk, wakatoa albamu moja 1973 kwa jina la Milkwood ambayo ilipita bila mtu kugeuka. Baadae ndo wakampata Greg Hawkes wa vinanda, Elliot Easton wa gitaa na David Robinson wa drams, demo yao ikaanza kuchezwa na dj mmoja mwanamama wa redio ya WBCN pale Boston, Maxanne Sartori, watu wakaipenda, na 1978 albamu ya kwanza ikatoka na ikauza balaa.

Wakaitwa new wave, na kwa asiyefuatilia, hicho ni kizazi kilichotokea mgongoni mwa punk, ile rock ya haraka na ya fujo, mwishoni mwa miaka ya 70, vijana waliochukua ile kasi na ufupi wa punk wakaweka vinanda vya umeme, mavazi ya kuchora na sauti fulani hivi ya ubaridi, mtu anaimba kama hataki ujue anaumia. Hiyo ndo ilikuwa alama yao. Sasa aina hiyo ya waimbaji ukiwaambia watoe bluzi unategemea nini, wengi walipojaribu walivaa suti wakaanza kuomboleza kama waimbaji wa zamani wa hotelini. The Cars hawakufanya hivyo. Walibaki na ubaridi wao uleule, wakauingiza ndani ya wimbo wa mapenzi, na kumbe ubaridi ule ukigusana na maneno yale unatoa maumivu ambayo kilio hakiwezi kuyatoa.

Mwaka 1983 walienda London, studio za Battery, kutengeneza albamu ya tano iliyokuja kuitwa Heartbeat City. Prodyuza alikuwa Robert John Lange, huyu anayeitwa Mutt, mzaliwa wa Mufulira kule Copperbelt Zambia, mtu aliyekuwa ameshazitengenezea bendi za rock za AC/DC na Def Leppard albamu zilizouza mamilioni. (Watu wengi wa huku kwetu hawajui kwamba mkono nyuma ya muziki mkubwa hivyo wa miaka ile ni wa mtu aliyezaliwa jirani tu hapo.) Lange alikuwa na sifa ya kutochoka, alirudia kitu mpaka kikae anavyotaka, drams nyingi za albamu ile zikapangwa kwa mashine, sauti za kuitikia zikarekodiwa tabaka juu ya tabaka. Kwa mwanabendi anayependa kupiga laivu hiyo ni kazi ya kuchosha, lakini kwa Drive ndo ilikuwa dawa.

Isikilize kwa hedifoni utaelewa naongelea nini. Hakuna soloo ya gitaa, na Easton ni mpigaji hodari sana wa soloo, nyimbo nyingi za The Cars anaingia katikati anafanya maajabu yake, humu gitaa limenyamazishwa karibu lote. Kilichotanda ni vinanda vya Hawkes, vipana na vya polepole, drams zinapiga kidogo na kwa nafasi, halafu nyuma kuna zile sauti nyingi zilizopangwa za kuitikia ambazo hazisemi neno lolote la maana, zinapumua tu. Hakuna sehemu ambapo wimbo unapasuka. Unasubiri kile kiitikio kikubwa cha kupandisha mikono, hakiji, swali linarudi tu lilivyo, kwa sauti ileile, kama mtu ambaye ameshalifikiria usiku mwingi na hana nguvu tena ya kulipaza. Ni kabla tu ya swali la kurudi nyumbani ndo anaacha kuuliza kidogo anasema jambo, kwamba huwezi kuendelea hivi ukijifanya hakuna tatizo, halafu anarudi kwenye maswali. Hilo ndo jambo gumu pekee analomwambia usoni, na analisema kwa upole mpaka unaona huruma kwa wote wawili.

Na hapa kuna uamuzi wa Ocasek ambao kwangu ndo mkubwa kuliko yote. Yeye ndo katunga, yeye ndo mwimbaji wa nyimbo zao nyingi, angeweza kuuimba mwenyewe. Akampa Orr. Sauti ya Ocasek ina kitu cha kukatakata, cha mtu mwenye wasiwasi, angeimba Drive ingesikika kama lawama, kama anamsuta yule dada. Orr anaimba wazi, hana haraka, haongezi mapambo mwishoni mwa maneno, hajaribu kukuonyesha anaweza kufika juu kiasi gani, na ndo maana swali la nani atakuinua ukianguka linasikika kama swali kweli. Mtu anataka kujua. Ana hofu na jibu.

Sasa nani hasa anaongea humu? Hili watu wamebishana kwa miaka na mi nafurahi kwamba halijawahi kuisha. Wapo wanaosema ni mpenzi aliyeachwa, anamuona dada na mtu mwingine na anajua huyo mwingine hatamudu. Wapo wanaosema ni rafiki aliyempenda kimyakimya miaka yote na hajawahi kufungua mdomo. Mi nasimama na usomaji wa tatu, kwamba ni mtu ambaye yupo naye sasa hivi na amechoka, na kabla hajaondoka anahesabu kazi zote ambazo amekuwa akizifanya bila mtu kuona. Angalia maswali yenyewe, hayahusu busu wala kitanda, ni nani atakushika ukitetemeka, nani ataziba masikio ukipiga mayowe. Hiyo ni lugha ya anayeuguza, mtu anayeishi na mgonjwa au mlevi au mwenye huzuni isiyoisha, anayeamka usiku, anayejua simu ikilia saa tisa ni ya nini. Kwenye nyumba zetu nyingi yupo mtu wa namna hiyo, na nyimbo za mapenzi huwa hazimkumbuki, zinamkumbuka mrembo na anayemtaka mrembo basi. Drive inamtaja huyo wa kuuguza kwa kuorodhesha majukumu yake tu, na kila aliyewahi kubeba mtu akiusikia anajijua bila kuelezwa.

Na swali la kurudishwa nyumbani usilidharau. Ni jambo dogo mno, funguo za gari, mlango, taa ya nje. Lakini kila aliyewahi kubaki wa mwisho kwenye shughuli, simu imezima chaji na hakuna usafiri, anajua kwamba saa ile ndo unapojua nani ni wako.

Video yake nayo ilisaidia sana, hatuwezi kuiruka. Iliongozwa na Timothy Hutton, mwigizaji aliyekuwa ameshachukua Oscar akiwa kijana mdogo. Ukumbini Orr anaimba, na wenzake wa bendi wamewekwa kama sanamu, zile za kuonyeshea nguo madukani, mahali pamekufa hakuna mteja. Upande mwingine kuna dada na mwanaume wanagombana, halafu unamuona yule dada peke yake, analia, anacheka, analia tena, na hujui kipi ni kipi. Dada huyo ni Paulina Porizkova, mwanamitindo mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekulia Sweden, bado mdogo kabisa wakati huo, na mwanaume anayegombana naye ni Ocasek mwenyewe. Yaani mtunzi kajiweka kwenye nafasi ya mume wa ugomvi, na sauti ya huruma akampa rafiki yake. Mtu anayejua anachofanya ndo anaweza kupanga hivyo. Wale wawili walikutana kwenye kazi hiyo, wakaja kuoana 1989.

Singo ilitoka katikati ya 1984 ikafika namba 3 kwenye chati ya Billboard Marekani, hawakuwahi kufika juu zaidi ya hapo, na Uingereza ikafika namba 5. Ingeweza kuishia hapo, ikawa moja ya zilipendwa nzuri za miaka ya 80 na basi. Kilichoipeleka mahali pengine kabisa ni Ethiopia.

Hapa inabidi twende taratibu. Oktoba 1984 BBC ilirusha taarifa ya njaa kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mtangazaji Michael Buerk na nyuma ya kamera Mohamed Amin, Mo, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix hapohapo Dar mwaka 1963. Picha za Mo ndo ziliiamsha dunia, ndo zilimfanya mwanamuziki Bob Geldof akusanye wenzake kwa jina la Band Aid kuchangia wenye njaa, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la michango la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Televisheni ya Canada, CBC, nayo ilikuwa na picha zake za njaa ile, na huko wakachukua picha hizo wakaziunganisha na Drive. Mwimbaji David Bowie alipoiona filamu ile alikubali kupunguza wimbo mmoja kwenye muda wake uwanja wa Wembley, London, ili ionyeshwe, na ilionyeshwa, uwanja mzima umejaa watu, jioni, watoto waliokonda mifupa wakijaribu kusimama wanaanguka, na sauti ya Orr inauliza nani atakuinua. Simu za michango ziliongezeka ghafla. Siku hiyohiyo upande wa pili wa bahari The Cars wenyewe walikuwa Philadelphia, na Drive ilikuwemo kwenye nyimbo walizopiga. Uingereza wimbo ukarudi kwenye chati ukafika namba 4, na mapato yakaelekezwa kwenye mfuko wa Band Aid.

Kuna watu wanasema hapo wimbo ulitumiwa vibaya, bluzi ya wapenzi wa Marekani imebandikwa juu ya maiti za Waafrika. Nimelifikiria sana hili. Kwa upande wa wimbo mi nakataa, ule wimbo haukulazimishwa, maneno yake yalikuwa tayari yanahusu kumbeba mtu aliyeishiwa nguvu, na kwa sababu hayataji gari la nani wala mapenzi ya nani yaliingia pale bila kubadilishwa herufi moja. Chukua bluzi nyingine yoyote kubwa ya miaka ile, ya kusifia uzuri au ya kuomba msamaha, iweke juu ya picha zile, utaona aibu ndani ya sekunde 10. Drive ilisimama, na kwangu huo ni ushahidi kwamba tangu mwanzo ilikuwa kubwa kuliko hadithi ya mtu na mpenzi wake.

Kwa upande wa filamu yenyewe nina tatizo na sitalificha. Picha na muziki bila neno hata moja zinakufanya uamini njaa ile ilianguka kutoka mbinguni. Mvua ilikosekana kweli, ila pia kulikuwa na vita Tigray na Eritrea, kulikuwa na serikali ya Mengistu iliyotumia chakula kama silaha na kuhamisha watu kwa nguvu, na hakuna chochote cha hayo kinachosikika ndani ya zile dakika nne. Waethiopia wenyewe hawaongei humo, wanaangaliwa tu. Swali la nani atakuinua limeulizwa mbele yao na jibu likatafutwa kwa watu wengine waliokaa sebuleni London, wakati waliokuwa wanawainua kila siku, wauguzi, wazazi waliotembea na watoto mgongoni siku nyingi kufika kambini, hao wapo mbele ya kamera kabisa na hawapewi jina. Baba wa Birhan Woldu, mtoto mmoja wa kwenye picha zile, alimbeba binti yake ambaye muuguzi alishamkatia tamaa, akapona. Birhan alikua, akasoma mambo ya kilimo, na Julai 2005 akapanda jukwaani Hyde Park, London, kwenye tamasha jingine la Geldof, Live 8, akiwa dada mzima amesimama kwa miguu yake, mbele ya skrini iliyotoka kuonyesha uso wake wa utotoni. Ukitaka kujua nani alimrudisha nyumbani, ni baba yake. Wimbo haumzuii mtu kutoa jibu hilo, filamu ndo ilisahau kulitoa.

Mo Amin naye alifariki Novemba 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikaangukia baharini jirani na Ngazidja. Inaniuma kila nikiona makala za Live Aid zinamtaja Bowie na Geldof mara ishirini na yeye hakuna.

Turudi kwa wenye wimbo. Bendi ilivunjika 1988. Orr aliumwa saratani ya kongosho mwaka 2000, na pamoja na ugonjwa aliendelea kupanda jukwaani karibu mpaka mwisho, akafariki Oktoba mwaka huohuo. Ocasek na Porizkova walidumu karibu miaka 30, wakatangaza kuachana 2018, lakini Septemba 2019 Ocasek alipotoka kufanyiwa operesheni aliyekuwa nyumbani akimuuguza ni nani? Ni huyohuyo Porizkova. Asubuhi moja alimpelekea kahawa akamkuta ameshafariki usingizini. Baadae wosia ukasomwa, ikaonekana Ocasek alikuwa ameandika asipewe kitu, na mama wa watu ameliongelea hilo hadharani kwa uchungu mkubwa. Mi sina haki ya kuhukumu ndoa ya mtu. Ila nikiangalia nani alikuwepo siku ile, naona mtunzi aliuliza swali akiwa na miaka 40 na dada aliyeigiza kuvunjika kwenye video ndo alikuja kuwa jibu lake, na kwenye wosia akanyimwa. Tangu nijue habari hiyo nikisikia ile sehemu ya nani atakuja ukivunjika namuona yeye amebadilika nafasi, kutoka anayeulizwa kuwa anayebeba. Na wimbo unaruhusu, maana haujawahi kusema nani ni nani.

Wengi wameurudia. Scorpions wa Ujerumani waliupiga kwa magitaa makavu 2001, Ziggy Marley akauweka kwenye rege kwa ajili ya filamu ya 50 First Dates mwaka 2004, na kuna wengine wengi wa kumbi na wa mashindano ya televisheni. Wa Ziggy naupenda, ameuchangamsha bila kuuharibu, rege ina namna yake ya kusema pole huku mwili unacheza, na yeye pia hajitutumui. Wanaoniudhi ni wale wa mashindano, wanafika mwishoni wanapandisha sauti, wanafumba macho, wananyoosha mkono, na swali linageuka kuwa ombi, "niruhusu mimi". Orr hakuomba aruhusiwe. Anayejiandaa kuurudia aanze kwa kuimba beti yote ya kwanza bila kuongeza noti hata moja, na kama hawezi kuvumilia hilo achague wimbo mwingine, zipo bluzi nyingi za kuonyeshea pumzi.